Mzazi Kwenye Dari la Majani

Mama Zaina alikuwa na hasira za karibu, na kila aliyewahi kunywa chai kwenye kibanda chake pale karibu na bandari ya Kisangani alilijua hilo kabla kikombe hakijapoa. Ukimrudishia kikombe chenye makombo ya mkate, utaambiwa. Ukimwita "muke" badala ya "mama", utaambiwa na wa pembeni yako atasikia. Wazungu waliuita mji huu Stanleyville, na yeye hakulitamka jina hilo maisha yake yote, alidai linamkwaruza koo. Lakini chai yake ilikuwa chai kweli: tangawizi ya kutwanga, iliki kidogo, sukari isiyo na uchoyo. Makarani, wapagazi na mabaharia wa meli za mtoni walikuja, wakakaripiwa, wakanywa, na kesho yake wakarudi wenyewe bila kuitwa.

Hasira zile hazikuwa za bure. Babu yake alikuja na misafara kutoka Maniema, akajenga, akasali na kuzikwa hapa, na bado serikali ya Wabelgiji ilimhesabu mjukuu wake kama mgeni aliyekawia kuondoka. Mume wake, Sefu, alikuwa seremala. Homa ilimchukua akiwa bado na nguvu zake, akamwachia Zaina mtoto mmoja tu, msichana, Nyota. Huyo Nyota ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la mama yake, na ndiye peke yake aliyeweza kumwambia "Mama, nyamaza kidogo" na mama akanyamaza.

Nyota aliolewa na Juma, kijana mpole wa maneno machache. Juma alipata kazi kwenye shamba la chai lililokuwa mbele ya Bangboka, wakati huo kukiwa msitu kushoto na msitu kulia. Shamba lilikuwa na kiwanda chake, na kazi ya Juma ilikuwa kulisha kuni tanuri la kukaushia majani. Wake wa wafanyakazi walikaa kambini na waume zao, nao walichuma. Hakuna aliyewauliza kama wanataka.

Sasa, kwa watu wa Zaina, mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake. Tumbo likishakuwa zito, binti hurudi kwa mama. Akijifungua, huanza arobaini: mzazi hana kazi ila kulala, kula na kunyonyesha. Hainui hata sufuria. Mama yake humkanda kwa vitambaa vya maji ya moto asubuhi na jioni, humfunga tumbo, humpa uji wenye pilipili manga, na mtoto huogeshwa na mikono ya bibi mpaka anaijua mikono hiyo. Mwanamke asiyepitia hayo watu humwonea huruma kama mtu aliyezikwa bila sanda. Zaina alikwisha kutandika mkeka mpya, akatenga vitambaa, akangoja.

Badala ya binti ukaja ujumbe wa Juma: mama avumilie mpaka mvua zipungue, maana wakati wa mvua majani yanaota haraka na bwana wa shamba haruhusu mtu kutoka.

"Na mutoto naye iko nangoja mvua?" Zaina alimwuliza aliyeleta ujumbe. Yule mtu akaondoka bila kumaliza chai yake.

Kisha Hadidja, mdogo wake Zaina wa tumbo moja, akarudi kutoka sokoni na uso umemshuka. Wanawake wa Bangboka wanaoleta sombe, majani ya muhogo, mjini walikuwa wamemwona Nyota shambani na kikapu mgongoni. Alikuwa amekwisha kujifungua mtoto wa kiume kule kambini, na kitovu cha mtoto kilikuwa hakijaanguka.

Damu ilimchemka Zaina. Alifunga kibanda akiwa na wateja ndani, akatembea hadi shambani, na mlinzi wa lango akamrudisha kama mwizi wa kuku, eti wageni hawaingii kambini. Alirudi mjini miguu imevimba na moyo umevimba zaidi. Lakini usishangae kwamba hasira hizo zote hakumpa yule bwana wa shamba. Alimpa Juma. Mwanamume gani, alisema, anamtoa mke wake kitandani na kumpeleka kuchuma majani? Mpole kitu gani, huyo ni mwoga. Alimwandalia mkwe wake maneno kila usiku, akayapanga, akayanoa.

Njia ilipatikana kwa Augustin. Huyu alikuwa karani wa ofisi moja mjini, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, aliyekunywa chai kwa Zaina kila asubuhi kabla ya kazi. Alikuwa mmoja wa wale waliosoma, walioitwa évolués, na kwa miaka alikuwa akiomba ile kadi ya serikali iliyosema kwamba mtu amestaarabika. Wabelgiji walikuwa wamekuja mpaka nyumbani kwake kutazama kama anakula kwa uma. Siku ile alimweleza Zaina, kwa sauti ya mtu aliyealikwa harusini, kwamba chama chao kimekaribishwa kutembelea lile shamba la chai, lori litawachukua Jumamosi, kila mmoja na mke wake. Shida moja tu: mke wake, Agathe, alikuwa amelala na malaria.

"Utaenda na tantine yako," Zaina alisema, akimaanisha shangazi.

"Tantine gani, mama?"

"Mimi."

Augustin alimtazama, akaelewa, akashika tama. Alimjua Nyota tangu akiwa msichana wa kuosha vikombe pale kibandani, na hakuweza kukataa. "Bon. Lakini mama, nakuomba. Hapana kukasirika kule. Ile kadi yangu iko karibu kutoka."

"Nitafunga kinywa," Zaina alisema, na pengine wakati huo aliamini maneno yake.

Jumamosi alivaa kitenge chake cha Idi, akajitanda ushungi, akapanda lori la shamba na kuketi kwenye benchi katikati ya wake za makarani waliojipaka poda. Mlinzi aliyemrudisha alifungua lango na kumpigia saluti. Zaina alimkata jicho.

Bwana wa shamba alikuwa Mbelgiji mnene mwenye kaptura, mchangamfu, aliyependa sana kuonyesha mali yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: leta, weka, kwenda, upesi. Kwa wageni wake wasomi alisema Kifaransa, na Augustin akamtafsiria tantine yake pembeni. Aliwakaribisha barazani kwa chai iliyotoka kiwandani humohumo. Zaina alionja. Haikuwa na tangawizi wala iliki, maji ya moto yaliyochafuliwa tu, na maziwa yamemwagwa kuficha aibu. Aliimaliza kwa sababu mgeni haachi kikombe cha mwenyeji.

Huku wanakunywa, macho yake yalikuwa mashambani. Vichaka vya chai vilikatwa sawasawa, urefu wa kiuno, mpaka kwenye ukingo wa msitu, na katikati yake wanawake wakienda kwa mistari, mikono ikiruka juu ya majani. Walichuma yale machanga tu ya nchani. Aliwatazama mmoja mmoja. Nyota hakuwepo, na kutomwona kulimtisha kuliko kumwona.

Bwana alianza kuonyesha kiwanda kutoka mwisho, kwenye masanduku yaliyokwisha kufungwa tayari kwa meli, maana hapo ndipo moyo wake ulipokuwa. Kisha wakapita kwenye chekeche zinazotenganisha chai nzuri na vumbi, wakafika kwenye tanuri.

Juma alikuwa pale, kifua wazi, anasukuma gogo motoni. Aliinua kichwa na kumwona mama wa mke wake katikati ya wageni. Palepale aliangusha gogo, akajifunika kichwa kwa gunia, akageukia ukuta. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hamsemeshi, bokilo, yaani mkwe, ni bokilo hata kwenye kiwanda cha Mzungu. Bwana aliuliza mfanyakazi huyu ana nini. Augustin akajibu haraka kwamba ni joto.

Zaina alisimama na maneno yake yote yaliyonolewa, na hakuwa na mahali pa kuyaweka. Heshima ilimfunga yeye kama ilivyomfunga Juma. Wageni walisogea mbele kuangalia moto, na Juma akaanza kuusemesha ukuta, kwa sauti ya kutosha kumfikia Augustin.

"Karani, ambia mama ya muke wangu. Niliomba bwana amuache Nyota aende kwa mama yake. Akakatala. Nikaomba tena. Akasema, muke akitoka, na mimi nitoke, nyumba itoke, kazi itoke. Nilisema nitachuma mimi fasi yake, nikimaliza moto. Akanicheka." Alivuta gunia likamfunika zaidi. "Nyota iko juu. Ku majani."

Zaina hakungoja tafsiri, kwa sababu hakuhitaji. Alimtazama mgongo yule kijana, umejaa alama za cheche, na hasira yake yote ikamtoka Juma kama mgeni anayehama nyumba, ikaenda kumtafuta anayeistahili. Haikupungua hata kidogo.

Walipita chumba chenye unyevu ambamo majani yaliyosokotwa yanalazwa mpaka yanageuka rangi ya shaba. Walipita mashine za kusokota, zinazonguruma. Mwishowe wakapanda ngazi kwenda darini, na hapo Bwana aliweka kidole mdomoni, akawataka wote wakanyage polepole.

Dari lilikuwa refu, lina giza kidogo, na hewa ya uvuguvugu ikipanda kutoka chini. Kushoto na kulia zilisimama fremu za vitambaa, moja juu ya nyingine, na juu yake majani mabichi yametandazwa kwa wembamba. Bwana alishusha sauti kama mtu aliye kanisani. Augustin alitafsiri kwa mnong'ono.

"Anasema, hapa njo siri ya chai. Jani likitoka ku muti, limechoka. Lazima lilale. Usiku muzima, na zaidi. Hewa ya moto kidogo inapita chini yake, linalegea polepole. Ukiliharakisha, linavunjika, chai inakuwa bure. Anasema batu ya mushenzi hawana subira, lakini yeye alifundisha bafanyakazi wake: jani lina haki ya kupumzika."

Zaina alisikiliza. Na pale mwisho wa dari, kati ya fremu mbili, alimwona mwanamke amechuchumaa, anatandaza majani kwa viganja. Miguu yake ilikuwa imevimba, vifundo havionekani. Chini ya fremu, ndani ya kikapu cha kuchumia, kitoto kilikuwa kimelala.

Bwana naye alimwona, akafurahi, akamwonyesha kwa mkono. Huyu, alisema, alizaa juzi tu. Nilimtoa juani, nikampa kazi nyepesi, kivulini, anakaa na mtoto wake. Hivi ndivyo tunavyowatunza. Makarani waliitikia kwa vichwa. Mke wa mmoja wao alisema ni vizuri sana.

Nyota aliinua macho. "Mama," alisema.

Kinywa cha Zaina kilifunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya kibandani, ile inayofika mpaka kwenye meli.

"Karani. Uliza bwana yako: ile majani ilizala nini?"

Augustin alishika fundo la tai yake.

"Uliza. Ilizala nini, njo inalala vile, na moto kidogo chini ya mugongo, na batu nasema polepole? Huyu alizala mutu. Angalia miguu yake. Mimi nilipashwa kumulalisha, nimukande, nimufunge tumbo. Yeye alimutoa kitanda akamupa kikapu. Na sasa anamuonyesha wageni kama mashine. Ambia yeye, chai yake ni ya matope. Ambia yeye, nyumbani kwetu hata mbuzi akizala tunamuacha."

Augustin alikohoa. Jasho lilimtoka kwenye kola. Alimgeukia Bwana akasema Kifaransa kifupi sana, cha adabu sana.

"Mimi nilisema maneno mingi," Zaina alisema. "Weye umetoa kidogo. Ingine iko wapi?"

"Mama, pardon, ile kadi..."

"Ingine iko wapi, Augustin?"

Na karani, ambaye kila asubuhi kwa miaka alikunywa chai kwa vikombe vilivyooshwa na yule msichana aliyechuchumaa mbele yake, alilegeza tai yake. Akaanza upya. Alitafsiri yote, mpaka mbuzi. Wenzake walitazama viatu vyao. Kadi yake ilichelewa sana kutoka, na kama ni kwa sababu ya siku ile hakuna aliyemwambia.

Bwana alikuwa mwekundu, lakini alikuwa na wageni. Alicheka. Alisema mama anaweza kumchukua binti yake leo hii, yeye si mkatili. Ila mvua ni mvua na majani hayangoji, mikono ya darini imekwisha kupungua. Mke akitoka, mume atoke na nyumba itolewe, huo ndio utaratibu.

Nyota alishika mguu wa mama yake. "Mama, nikienda, Juma anafukuzwa. Bila kazi, serikali inamutoa mu mji vilevile. Uache. Mimi niko muzima."

Hakuwa mzima. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa ameegemea kitu, na hapakuwa na cha kuegemea. Zaina alitazama fremu za majani, moja moja, mpaka mwisho wa dari. Kisha alivua viatu vyake vya Idi, akakunja mikono ya gauni.

"Ambia yeye, anataka mikono. Iko hii."

Augustin alitafsiri, safari hii bila kuambiwa mara mbili. Zaina alimkazia Bwana macho. Ukweli ni kwamba alitaka akatae. Alitaka aone haya, angalau mbele ya wageni, aseme nenda na mtoto wako na mkwe wako kazi yake ipo. Bwana alitazama mikono ile, akainua mabega.

"Mikono ni mikono," alisema, na hilo alilisema kwa Kiswahili.

Zaina alimwinua Nyota kwa makwapa, akamfunga kiuno kwa ushungi wake mwenyewe, akambeba mtoto kushuka ngazi hadi kwenye lori. Alimshika kwa muda wa kushuka ngazi tu. Uso wa mtoto ulikuwa wa Sefu mtupu, paji la uso pana na nyusi za kukunja, na Zaina hakumwambia mtu jambo hilo. Augustin alimketisha Nyota kwenye nafasi aliyoketi tantine yake wakati wa kuja, akavua koti lake akaliweka chini ya miguu ya Nyota.

"Na nani atanikanda?" Nyota aliuliza akilia.

"Hadidja. Mwambie maji yachemke sana. Mwambie asikuhurumie. Na mutoto aogeshwe asubuhi, jua halijapanda."

Lori lilipoondoka alipanda tena darini.

Alikaa huko mpaka arobaini ikaisha. Mkwe hawezi kulala nyumba moja na mama mkwe, kwa hiyo Juma alimwachia chumba na kwenda kulala kando ya tanuri, na kila alfajiri Zaina alikuta maji na kuni mlangoni na vishindo vya mtu anayekimbia. Hawakusemeshana hata neno. Lakini mtu akimsema Juma vibaya pale kambini, Zaina alimpa vidonge vyake.

Kazi yenyewe aliijua kwa siku chache. Jani halitaki kubanwa wala kurundikwa, linataka kiganja chepesi, kilichozoea kugusa kitu kinachouma bila kukiumiza. Wanawake wa darini walisema mikono ya mama huyu imezaliwa kwa kazi hii. Hakuna sifa iliyowahi kumuudhi kama hiyo. Alijaribu kuifanya vibaya, ikashindikana, mikono ilikuwa na adabu yake yenyewe. Kilichobaki kwake ni sauti. Kila Bwana alipoleta wageni wengine na kuweka kidole mdomoni, Zaina aliimba, au alikohoa, au alimwita mwenzake aliye upande wa pili amweleze bei ya samaki, kwa sauti ya bandarini. Bwana alimwambia nyamaza mara nyingi. Alinyamaza Bwana akishafika chini.

Aliporudi mjini alitembea njia yote bila kupumzika. Alimkuta Nyota amekaa mkekani, mashavu yamejaa, miguu imerudi kuwa miguu, tumbo limefungwa vizuri. Hadidja alikuwa ametoka kumwogesha mtoto na alikuwa anampaka mafuta, na mtoto anamtazama usoni kwa macho yaliyotulia, bila kupepesa.

Zaina alinyoosha mikono, akapewa. Mtoto alinyamaza kidogo, akanusa, akakunja nyusi, kisha akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, mwili umekakamaa. Zaina alimbembeleza, akamweka begani, akamwimbia. Haikusaidia. Hadidja alisubiri kadiri alivyoweza, mwisho akamchukua, na kilio kikakatika hapohapo.

Nyota na Hadidja walijikaza kungoja hasira. Wote wawili walimjua.

"Ni harufu ya majani, dada," Hadidja alisema taratibu. "Kesho atazoea."

"Hapana," Zaina alisema. "Mutoto hapana kosa, na weye hapana kosa. Hanijui. Ile siku zangu bwana alizikula, na hawezi kunirudishia hata moja."